Masomo ya Likizo kabla ya Chuo Kikuu: Karatu na Ngorongoro kama Darasa la Sayansi

Kila mwaka, mwezi wa Mei, maelfu ya vijana wa Tanzania humaliza mtihani wa kidato cha sita. Vyuo vikuu hufungua milango mwezi wa Oktoba au Novemba. Kwa hiyo kati ya kipindi cha mwisho cha sekondari na mhadhara wa kwanza wa chuo kikuu kuna muda wa miezi mitano hivi. Wenzao wa kidato cha nne humaliza mtihani mwezi wa Novemba, na wale wanaochaguliwa kuendelea huanza kidato cha tano mwezi wa Julai wa mwaka unaofuata. Sehemu ya muda huo hutumika katika mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa kwa wale wanaoitwa. Sehemu nyingine hutumika shambani, dukani, au katika kungoja matokeo.

Katika makala hii tutajaribu kujibu swali moja: je, majuma machache ya muda huo yakitumiwa kwa masomo ya vitendo yaliyoandaliwa vizuri, kijana atafaidika nini? Tutaanza na yale ambayo nchi nyingine zimejifunza, kisha tutaitazama historia yetu wenyewe, na mwisho tutakwenda Karatu na Ngorongoro, mahali ambapo masomo ya namna hiyo yanaweza kufanyika kwa gharama ndogo.

MASOMO YA KIANGAZI NI NINI?

Katika nchi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini likizo ndefu huangukia miezi ya Juni, Julai na Agosti, yaani majira yao ya kiangazi. Mabweni na maabara za vyuo vikuu hubaki tupu. Vyuo vingi huwaalika wanafunzi wa sekondari kukaa chuoni kwa majuma mawili hadi sita, wakahudhuria mihadhara, wakafanya majaribio na kuishi maisha ya mwanachuo kabla hawajawa wanachuo. Huko Marekani mpango wa serikali uitwao Upward Bound ulianza mwaka 1965 kwa ajili ya vijana wa familia zenye kipato kidogo, na masomo ya likizo ni sehemu yake muhimu.

Mwandishi wa makala hii, alipokuwa akisomea shahada ya uzamivu ng'ambo, alisaidia kufundisha masomo ya aina hiyo kwa misimu miwili. Wanafunzi walipewa kijito kidogo kilichopita nyuma ya maabara, wakaambiwa waeleze kwa nini maji yake yalikuwa na tope zaidi asubuhi kuliko jioni. Siku ya kwanza walitafuta jibu vitabuni, na hawakuliona, kwa kuwa hakuna kitabu kilichokuwa kimeandikwa kuhusu kijito kile. Siku ya tatu walikuwa wakigombania nafasi ya kuamka alfajiri kwenda kuchota maji ya kupima. Hapo ndipo faida kuu ya masomo haya inapoonekana. Kijana hukutana, pengine kwa mara ya kwanza, na swali ambalo mwalimu wake mwenyewe hana jibu lake tayari.

USHAHIDI UNASEMAJE?

Mtu wa sayansi hapaswi kuridhika na sifa. Ni rahisi kusema kwamba vijana waliohudhuria masomo ya likizo hufanya vizuri chuoni kuliko wasiohudhuria. Lakini tujiulize: ni akina nani waliohudhuria? Mara nyingi ni wale waliokuwa na bidii tangu mwanzo, au wale ambao wazazi wao waliweza kulipa ada. Haitoshi kuyalinganisha makundi hayo mawili, kama vile haitoshi kupima mbolea kwa kuitia kwenye shamba lililokuwa na rutuba tayari.

Njia iliyo bora ni kura. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2022, Sarah Cohodes, Helen Ho na Silvia Robles waliwafuatilia vijana wa Marekani walioomba nafasi katika masomo ya likizo ya sayansi na uhandisi kwenye chuo kimoja mashuhuri katika jimbo la Massachusetts. Waombaji wenye sifa walikuwa wengi kuliko nafasi, hivyo walipewa nafasi kwa bahati nasibu. Makundi mawili yakapatikana, yanayofanana kwa kila hali isipokuwa moja. Ilidhihirika kwamba waliopata nafasi walimaliza chuo kikuu na kupata shahada za sayansi, hisabati na uhandisi kwa kiwango kikubwa zaidi kuliko waliokosa.

Hata hivyo si kila mpango huleta matunda hayo. Tathmini kubwa ya Upward Bound, iliyotumia kura vilevile, haikuona tofauti kubwa kwa wanafunzi wote kwa jumla, na wataalamu wamebishana sana juu ya hesabu zake. Lakini ilionyesha kwamba waliofaidika zaidi ni wale ambao hapo awali hawakutazamia kusoma hadi chuo kikuu. Kutokana na tafiti hizi mbili tunaweza kupata mafunzo mawili. Kwanza, jambo la msingi ni kile kinachofanyika ndani ya masomo, si jina la masomo. Pili, kijana ambaye hakudhani kwamba chuo kikuu ni mahali pake ndiye mwenye mengi ya kupata.

TULIKWISHA KUJARIBU: AZIMIO LA MUSOMA

Wazo la kumwandaa kijana kati ya sekondari na chuo kikuu si geni kwetu. Mwezi wa Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma ikaamua, pamoja na mambo mengine, kwamba waliomaliza kidato cha sita wasiingie chuo kikuu moja kwa moja. Walitakiwa kwanza kupitia Jeshi la Kujenga Taifa, kisha wafanye kazi kwa muda, na kupata ushahidi wa tabia na bidii yao kutoka kazini. Shabaha ilikuwa kumpata mwanachuo anayeijua jamii yake na anayefahamu kwa nini anasoma.

Lakini utaratibu huo ulikuwa na gharama. Wasichana walipungua chuoni, na baada ya muda mfupi masharti yakalegezwa kwao. Katika fani za hisabati na sayansi kukaa mbali na masomo kwa miaka kadhaa kulimsahaulisha kijana mengi aliyojifunza. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 utaratibu wa kuingia moja kwa moja ulikuwa umerudi. Shabaha ya Musoma ilikuwa njema, lakini pengo lilikuwa refu mno. Masomo ya likizo ya siku 10 au majuma mawili yanaweza kutimiza sehemu ya shabaha hiyo bila kumpotezea kijana miaka.

KWA NINI KARATU NA NGORONGORO?

Mwezi wa Juni hadi Agosti, wakati Ulaya ni kiangazi, nyanda za juu za Karatu huwa katika kipupwe. Asubuhi kuna ukungu na baridi, mvua ni haba, na njia hupitika. Ni majira yanayofaa kwa kazi ya nje. Tena, ndani ya mwendo wa saa chache kwa gari, mwanafunzi anaweza kuona mambo ambayo vitabu vyake vya jiografia, baiolojia, fizikia na historia huyataja kwa mistari michache tu.

Mji wa Karatu uko kwenye mwinuko wa takriban meta 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro, au kasoko kama wataalamu wa lugha wanavyoiita, unafika takriban meta 2,300, na sakafu yake iko chini ya ukingo kwa meta 600 hivi. Kreta hiyo iliumbwa zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita, mlima mkubwa wa volkano ulipotoa uji wake wa moto na kilele kikadidimia ndani. Upande wa kusini-magharibi ardhi inashuka hadi Ziwa Eyasi, lililo kwenye mwinuko wa zaidi kidogo ya meta 1,000. Kaskazini-mashariki uko Oldoinyo Lengai, mlima wa volkano ulio hai, uliolipuka kwa nguvu mwaka 1966 na tena mwaka 2007. Huo ndio mlima pekee duniani unaojulikana kutoa, katika zama zetu, uji wa moto wenye magadi mengi na silika kidogo sana.

Pamoja na hayo, si jambo la ajabu kumkuta kijana aliyezaliwa Karatu, akayaona magari ya watalii yakipita kila siku mbele ya shule yake, naye hajawahi kushuka ndani ya kreta wala kufika Oldupai. Anaifahamu Ngorongoro kama mahali pa wageni. Akichaguliwa kusomea jiolojia au ikolojia chuo kikuu, atajifunza habari za ardhi yake mwenyewe kutoka katika kitabu kilichopigwa chapa mbali. Masomo ya likizo yanaweza kulirekebisha jambo hilo. Hebu tutazame kazi tatu ambazo kundi la wanafunzi 30 linaweza kuzifanya.

KAZI YA KWANZA: KUPIMA MAJI

Misitu ya nyanda za juu za Ngorongoro hunasa mvua na ukungu unaoletwa na pepo za mashariki. Maji hayo huingia ardhini na kutokea tena chini kama vijito na chemchemi. Mashamba ya kahawa ya Karatu na mashamba ya vitunguu ya Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, huyategemea. Je, mfereji mmoja wa kumwagilia hupitisha maji kiasi gani?

Vifaa vinavyohitajika ni futi kamba, saa na kipande cha kijiti. Tuchukue mfano. Mfereji una upana wa meta 1.2 na kina cha wastani wa meta 0.25. Kijiti kinaelea meta 10 kwa sekunde 25, yaani mwendo wa meta 0.4 kwa sekunde. Tukizidisha tunapata meta za ujazo 0.12 kwa sekunde. Lakini maji ya juu hukimbia kuliko yale yanayosuguana na matope ya chini, kwa hiyo wapimaji huzidisha mwendo wa juu kwa 0.85 hivi. Tunabaki na meta za ujazo 0.102, yaani lita 102 kwa sekunde.

Hapo hesabu imekwisha, na sayansi inaanza. Kundi la pili limepima mahali palepale likapata lita 90. Nani amekosea? Labda hakuna aliyekosea, ila kina kilipimwa mahali pachache. Mwanafunzi anajifunza kurudia kipimo, kuandika wastani na kutaja kiasi cha shaka kilichomo. Kisha anakutana na wakulima wenyewe. Wazee watamweleza zamu za maji zinavyogawiwa, na mfereji ulivyokuwa walipokuwa vijana. Apewe mafundisho ya adabu kabla ya kwenda: asalimu, aeleze alilokuja kutafuta, asikilize kabla ya kuandika, na arudi kuwaeleza matokeo waliomsaidia.

KAZI YA PILI: NYAYO NA UREFU WA MTU

Oldupai, ambayo vitabu vingi huiandika Olduvai, ndiko Mary Leakey alikoliona fuvu la Zinjanthropus tarehe 17 Julai 1959. Takriban kilometa 45 kusini mwa hapo iko Laetoli. Mwaka 1976 watafiti waliokuwa Laetoli wakitaniana kwa kurushiana kinyesi cha tembo kilichokauka waligundua kwamba chini, kwenye jivu la volkano lililogeuka kuwa jiwe, kulikuwa na nyayo za wanyama. Mwaka 1978 zikaonekana nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili kama sisi. Umri wake ni takriban miaka milioni 3.66.

Nyayo zenyewe zimefukiwa ili zisiharibike, lakini nakala zake zinaweza kuonekana katika makumbusho ya Oldupai. Kabla ya kwenda huko, wanafunzi wapimane: urefu wa unyayo na urefu wa mwili. Wataona kwamba unyayo wa mtu ni takriban asilimia 15 ya urefu wake. Sasa wachukue unyayo wa Laetoli wenye urefu wa sentimeta 26. Kwa kutumia asilimia 15 tunapata kiumbe wa sentimeta 173. Lakini jamaa hao, ambao wataalamu wengi huwaita Australopithecus afarensis, hawakuwa na maumbile sawa na yetu. Tukitumia asilimia 16 tunapata sentimeta 162.5. Asilimia moja tu imeondoa sentimeta 10! Kwa hiyo kila mwanafunzi atajionea kwamba matokeo ya hesabu hutegemea dhana tuliyoanza nayo, na kwamba dhana hiyo lazima itajwe wazi.

Historia ya Laetoli ina funzo jingine. Wagunduzi wa miaka ya 1970 waliotajwa duniani wengi walikuwa wageni. Lakini miaka ya 2014 na 2015, watafiti wakiongozwa na Fidelis Masao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Italia, walichimba mashimo ya uchunguzi kwa sababu ya mpango wa kujenga makumbusho mahali hapo, wakagundua nyayo nyingine 14 za viumbe wawili, meta 150 tu kutoka zile za mwaka 1978. Unyayo wa sentimeta 26 tulioutumia hapo juu unatoka katika ugunduzi huo. Tena kulikuwa na nyayo za Laetoli ambazo wengine walidhani ni za dubu. Zilifukuliwa upya na kupimwa, na mwaka 2021 ikatangazwa kwamba ni za jamaa wa binadamu. Charles Musiba, mwanasayansi Mtanzania, alikuwa miongoni mwa watafiti hao. Swali lilikuwa limelala ardhini kwa zaidi ya miaka 40, likimngoja mtu wa kuliuliza tena.

KAZI YA TATU: KUHESABU WANYAMA

Mwaka 1962, baada ya mvua nyingi kupita kiasi, nzi waumao wa jamii ya Stomoxys walizaana kwa wingi ndani ya kreta. Waliwauma simba mpaka wakadhoofu na kufa. Katika kundi la makumi ya simba walibaki wachache tu, 10 hadi 15 hivi. Simba wa kreta waliochunguzwa baadaye walikuwa wazao wa hao wachache na wa madume machache yaliyotoka nje, na kwa sababu hiyo walionyesha dalili za kuzaana ndugu kwa ndugu.

Tunayajua hayo kwa sababu kulikuwa na watu waliohesabu kabla ya nzi na baada ya nzi. Hesabu isiyofanywa mwaka huu haiwezi kufanywa mwakani kwa niaba ya mwaka huu. Wanafunzi wakihesabu, kwa mfano, nyumbu na pundamilia wanaoonekana kutoka vituo vilevile, saa ileile, kila mwaka mwezi wa Juni, baada ya miaka 10 shule itakuwa na daftari ambalo chuo kikuu chochote kitatamani kulisoma.

FAIDA KWA MUHTASARI

Kutokana na kazi hizi tunaweza kutaja faida nne. Kwanza, kijana hujizoeza kuandika kumbukumbu, kupima na kukiri shaka, mambo ambayo mtihani wa kuchagua jibu haumdai. Pili, huchagua fani kwa macho yaliyofumbuliwa. Wapo wanachuo wanaogundua katika mwaka wa pili kwamba kazi waliyoichagua hawaipendi, na hasara hiyo huwa ya familia nzima. Tatu, huzoea kufanya kazi na wenzake wa shule nyingine, wavulana kwa wasichana, Mwiraqw, Mdatoga, Mmasai na Mhadzabe, kila mmoja akiwa na ujuzi wa mazingira ambao mwenzake hana. Nne, huiona ardhi yake kama mahali penye maswali ambayo yeye mwenyewe anaweza kuyajibu.

MASHARTI NA GHARAMA

Masomo ya likizo yanaweza kuharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuyageuza kuwa tuisheni, yaani kukariri maswali ya mitihani iliyopita chini ya jina jipya. Ya pili ni kuyafanya mali ya wenye fedha. Tumeona kwamba anayefaidika zaidi ni yule asiyetazamia kufika mbali. Kwa hiyo nafasi zigawiwe kwa kura miongoni mwa wote wenye bidii, na nusu ziwe za wasichana. Kura hiyo itatenda haki, na tena itatuwezesha kupima miaka michache baadaye kama masomo yamefaa.

Gharama inaweza kupunguzwa. Mabweni ya shule za Karatu huwa wazi wakati wa likizo, kama yale ya vyuo vya ng'ambo. Chakula chaweza kununuliwa sokoni na kupikwa shuleni. Vifaa vya lazima ni vipimajoto, futi kamba, saa, dira, kamba na madaftari. Wanachuo wa mwaka wa tatu wanaweza kuwa wasaidizi, nao wakapata uzoefu wa kufundisha. Gharama kubwa itakuwa usafiri, na hapo ndipo halmashauri, vyuo na mashirika ya utalii yanapoweza kusaidia.

Usalama na sheria zizingatiwe. Kibali kiombwe mapema kwa Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, kwa maana nyati na tembo hawatambui sare ya shule. Hakuna jiwe, mfupa wala kigae cha kuokotwa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza, na kitu kilichoondolewa mahali pake bila kumbukumbu kimepoteza sehemu kubwa ya habari zake.

Mwalimu asiyeweza kuandaa siku 10 aanze na siku moja, kwenye mfereji ulio karibu na shule yake. Mwanafunzi aliyemaliza mtihani asingoje kualikwa. Kipimamvua chaweza kutengenezwa kwa chupa na mpira wa kuelekezea maji, na daftari la miezi mitano ya mvua na joto la kijiji kimoja ni kazi ya kisayansi kamili. Atakapofika chuo kikuu, apeleke daftari hilo pamoja na vyeti vyake.

MASWALI YA KUJADILIWA DARASANI

1. Joto la hewa hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila meta 1,000 za kupanda. Ikiwa Karatu ni nyuzi 22, utatazamia nyuzi ngapi kwenye ukingo wa kreta na kando ya Ziwa Eyasi? Ni mambo gani yanayoweza kufanya vipimo vyako vitofautiane na hesabu?

2. Tuseme kreta ni duara lenye kipenyo cha kilometa 18. Tafuta eneo lake. Vitabu vinataja takriban kilometa za mraba 260. Eleza sababu ya tofauti.

3. Shule yako ina nafasi 30 na waombaji 90. Panga utaratibu wa kuchagua ambao utakuwezesha kujua, baada ya miaka mitano, kama masomo ya likizo yalikuwa na faida.